Mashine ya Kuchoma Diski: Kipi cha Kulipia, Kipi cha Kuacha

Siku hizi laptopu nyingi zinauzwa bila pahali pa kutia CD wala DVD. Kikundi kikitaka kuweka hesabu zake kwa diski, au kutengeneza DVD za mafunzo, ni lazima kinunue mashine ya kuchoma diski, ile inayokaa nje na kuunganishwa kwa waya wa USB. Na hapo dukani ndipo maneno huanza. Kasha limejaa alama na majina, na mwenye duka anasema kila alama ina bei yake. Je, ni zipi zinazostahili pesa za wanachama?

Lakini kwanza, kwa nini diski na flashi zipo? Flashi ni nzuri ya kubebea kazi. Shida ni kwamba kilicho ndani yake kinaweza kubadilishwa na yeyote aliye nayo, au kuharibiwa na virusi ikichomekwa kwa kompyuta ya saiba. Kilichochomwa kwa CD-R au DVD-R hakifutwi kikaandikwa kingine juu yake. Kikundi chenye mikopo kinajua uzito wa jambo hili. Siku mama mmoja akisema alilipa na kitabu kipya kinasema hakulipa, diski ya hesabu za mwezi ule itatolewa na kufunguliwa mbele ya wote. Itamlinda yeye, na itamlinda mweka hazina pia. Angalieni tu herufi: R peke yake. Zenye RW ni za kufuta na kuandika tena, na hizo si za hesabu.

Sasa turudi kwa kasha. Jambo la kwanza ni kasi. Mtaona 24x kwa CD na 8x kwa DVD, na wengi hufikiri 24 inashinda 8. Sivyo. 1x ya DVD ni kama mara 9 ya 1x ya CD, kwa hivyo vipimo hivyo viwili havilinganishwi. Kwa 8x, DVD ya GB 4.7 ikijaa huchukua kama dakika 10. Kikundi kinachochoma diski mbili kwa mwezi kina haraka gani? Msilipie kasi.

Alama nyingine husema mashine ina kinga ili diski isiharibike kompyuta ikichelewa kuleta data. Zamani, kabla ya mwaka 2000 hivi, kompyuta ikikwama kidogo tu diski ilikuwa imekwisha, ni ya kutupwa. Leo mashine zote mpya zina kinga hiyo, basi kuisifia ni kama kusifia baiskeli kwa kuwa ina breki. Na msidanganyike, haizuii hasara ya stima kupotea. Chomeni laptopu ikiwa na betri iliyojaa.

Umeme wenyewe ndio jambo la kuuliza sana. Mashine hizi nyembamba hula umeme kutoka kwa kompyuta. Tundu la USB la zamani hutoa milliampia 500 tu, lile la USB 3.0 hutoa 900. Wakati wa kuchoma, mashine huhitaji nguvu zaidi kuliko wakati wa kusoma, na tundu dhaifu likishindwa kazi hukatikia njiani. Kama laptopu ya kikundi ni nzee, tafuteni mashine yenye waya wa vichwa viwili ili ichukue umeme kwa matundu mawili. Hiki ni kitu kidogo lakini ni cha kulipia.

Kuna ile ya kuchora picha na maandishi juu ya diski kwa mwanga, iitwayo LightScribe. Ilikuwa ya kampuni ya HP, ilitoka mwaka 2004, nayo imeachwa. Mashine za mitumba bado zina alama hiyo, ila ilihitaji diski zake maalum, na kuzipata leo ni taabu. Kalamu ya wino laini inatosha.

M-DISC ni habari nyingine. Hizi ni diski ambazo data yake haikai kwa rangi inayofifia kwa jua na joto kama DVD-R za kawaida. Watengenezaji walisema zitadumu miaka 1,000, na hakuna aliyeishi miaka hiyo ili ahakikishe. Hata hivyo, kwa katiba ya kikundi, cheti cha usajili na karatasi za shamba, ni wazo zuri. DVD ya M-DISC huchomwa kwa mashine yenye alama hiyo, lakini husomeka kwa mashine za DVD za kawaida. Bei ikizidi kidogo tu, chukueni.

Blu-ray hubeba GB 25, ila haisomeki kwa mashine ya DVD ya jirani. Iacheni. Nazo zile zinazodai kuunganishwa na TV au simu hazikubali kila TV wala kila simu; jaribuni na yenu kwanza.

Mkisha nunua, kompyuta ya Windows itawauliza kama mnataka diski itumike kama flashi au kwa mashine ya CD/DVD. Kwa hesabu chagueni hii ya pili. Chomeni nakala mbili, muzifungue zote kwa kompyuta nyingine kabla ya kufuta chochote. Kisha mwenyekiti, katibu na mweka hazina watie sahihi na tarehe juu ya diski yenyewe, kwa maana mjanja hawezi kubadili diski, lakini anaweza kuchoma nyingine. Nakala moja ikae kwa mweka hazina, ya pili nyumba nyingine kabisa, ndani ya kifuniko, mbali na jua.

Na kabla ya kutoka dukani, ombeni mchomewe diski moja kwa laptopu yenu hapo hapo. Risiti iandikwe jina la kikundi, si la mtu.