Pishi na Kibaba katika Kompyuta na Simu

Mtu anunuaye mchele kwa pishi na kuuuza kwa kibaba hana budi kujua kwamba pishi moja ni vibaba vinne. Asipojua, atapata hasara hata kama mchele wake ni mzuri na wateja wake ni wengi. Katika kompyuta na simu pia kuna pishi na kibaba, na watu wengi hupata hasara kwa kutovijua. Nia yangu ni kueleza vipimo hivyo, na jinsi ya kugeuza kimoja kuwa kingine.

Kibaba cha kompyuta huitwa biti. Biti ni alama moja tu, ama 0 ama 1. Pishi yake huitwa baiti, nayo ni biti 8. Waliotengeneza vyombo vya kuhifadhi, kama flopi na CD, walihesabu kwa baiti. Watu wa simu huhesabu kwa biti. Hiyo ni tofauti ya kwanza. Tofauti ya pili ni kilo. Kilo ya watu wa simu ni 1,000 kamili. Kilo ya vyombo vya zamani mara nyingi ilikuwa 1,024, kwa kuwa kompyuta huhesabu kwa mbili, na mbili kumi zikizidishwa pamoja hutoa 1,024.

Hebu tuanze na simu. Sauti ya mtu katika simu hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Basi mazungumzo ya mtu mmoja huhitaji biti 64,000 kwa sekunde. Wamarekani walifunga njia 24 za namna hiyo katika waya mmoja, wakaongeza biti 1 ya mpangilio katika kila duru. Hesabu yake ni 24 × 8 + 1 = 193, na 193 × 8,000 = 1,544,000. Mtambo huo, uitwao T1, ulianza kazi mwaka 1962. Ulaya walichagua njia 32, yaani biti 2,048,000, nao huitwa E1. Katika E1 ya mazungumzo, njia 30 hubeba sauti, na 2 hubeba alama za mpangilio na za kuitana. Huku kwetu Afrika Mashariki tulifuata E1.

Sasa tutazame CD, ambazo zilianza kuuzwa Japani mwaka 1982 zikiwa za muziki. CD ya kompyuta ikisomwa kwa mwendo wa kwanza, yaani ule ulioandikwa 1x, hutoa sekta 75 kila sekunde, na kila sekta ina baiti 2,048. Hizo ni baiti 153,600, ambazo watu huziita kilobaiti 150. Zidisha kwa 8, utapata biti 1,228,800. Gawanya kwa 64,000, jibu ni 19.2. Maana yake, CD iendayo polepole kuliko zote humwaga habari sawa na watu kumi na tisa na zaidi wakizungumza katika simu kwa wakati mmoja!

Flopi ya inchi tatu na nusu nayo ina kichekesho chake. Ina pande 2, kila upande duara 80, kila duara sekta 18, kila sekta baiti 512. Jumla ni baiti 1,474,560. Juu yake huandikwa megabaiti 1.44. Namba hiyo hupatikana kwa kugawanya kwanza kwa 1,024, kisha kwa 1,000. Hivyo kilo za namna mbili zimetiwa katika kapu moja. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: usiamini maandishi ya juu, rudi kwanza katika baiti tupu, zidisha kwa 8, ndipo ugawanye kwa mwendo wa laini.

Tufanye hesabu moja kamili. CD ya dakika 74 ina baiti 681,984,000, yaani biti 5,455,872,000. Tukiipeleka kwa njia moja ya simu ya biti 64,000, itachukua sekunde 85,248, ambazo ni saa 23 na dakika 40. Basi liendalo safari ya saa kumi na mbili lingeifikisha mapema zaidi! Lakini tukitumia njia 30 za E1, safari ni dakika 47 na sekunde chache, na hapo basi limeshindwa. Tena angalieni: kisomaji cha mwendo wa kwanza huhitaji dakika zote 74 kuimaliza CD hiyo. Hapo si laini inayochelewesha, bali ni CD. Msafara huenda kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote.

Pengine mtasema, ‘Flopi zimepitwa na wakati, hesabu hizi za nini?’ Nazo flopi na CD zilizomo makabatini zinaendelea kuharibika, na anayetaka kuyahamisha yaliyomo yampasa ajue kazi itachukua muda gani. Zaidi ya hayo, pishi na kibaba bado vipo. Leo hii kampuni za intaneti hutangaza mwendo kwa megabiti, na mafaili yetu huandikwa kwa megabaiti. Mzazi alipiaye laini ya megabiti 10 akidhani ni megabaiti 10 anatazamia mara nane ya kile atakachopata. Faili la megabaiti 40 halitafika kwa sekunde 4, bali kwa sekunde 32, na kwa kweli zaidi kidogo, maana sehemu ya mwendo hutumika kwa alama za mpangilio.

Basi kabla ya kutoa fedha, iwe nyumbani au katika kamati ya shule, tuulize swali moja fupi: ‘Ni biti au ni baiti?’ Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne