Java na C++ Katikati ya Simu

Simu ya video kwenye Android huendeshwa na lugha mbili za kompyuta. Vitufe na kurasa huandikwa kwa Java au Kotlin. Kazi nzito ya kubana sauti, kufuta mwangwi na kuhimili mtandao dhaifu hufanywa na maktaba ya C++. Maarufu kati ya maktaba hizo ni WebRTC, ambayo Google iliiweka wazi kwa umma mwaka 2011. Pande hizo mbili huunganishwa na JNI, kiolesura kilichokuja na Java 1.1 mwaka 1997.

Kila wito unaopita JNI una gharama. Ni ndogo, lakini simu haina muda wa kupoteza: ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywani hadi sikioni. Sauti safi hupimwa mara 48,000 kwa sekunde, na kuvivusha vipimo hivyo kimoja kimoja ni kujitafutia balaa. WebRTC ina ujanja wake. Java hutenga eneo la kumbukumbu ambalo C++ nayo hulisoma moja kwa moja. Kipaza sauti hulijaza, kisha kila milisekunde 10 Java hutoa taarifa fupi kwamba vipimo 480 viko tayari. Habari huvuka, sauti haihami.

Kurudi kutoka C++ hadi Java nako kuna mtego. Maktaba huendesha nyuzi zake (threads), ambazo mashine ya Java haizitambui. Uzi wa namna hiyo sharti usajiliwe kwanza, ndipo uweze kuita Java na kutangaza kwamba mtandao umekatika. Hata hapo usiguse skrini, maana Android imeuachia uzi mkuu kazi hiyo.

Kigumu zaidi ni umiliki. Kitu cha Java kinachowakilisha simu hushika namba tu: anwani ya kitu halisi kilicho upande wa C++. Mfumo wa Java wa kufagia kumbukumbu huona kitu kidogo, usijue mzigo ulio nyuma yake. Kwa hiyo mwandishi wa programu hulazimika kuita amri ya dispose mwenyewe simu inapokwisha. Asipoita, kumbukumbu huvuja simu baada ya simu. Upande wa C++ ukitumia anwani iliyokwisha kuachiwa, programu nzima inaweza kufa papo hapo, bila kosa ambalo Java ingeweza kulidaka.

Java 22 ya Machi 2024 ilikamilisha njia nyingine ya kuvuka kwenda nje ya Java, ambamo kumbukumbu ya nje hupangiwa muda wa kuishi tangu inapotengwa. Android bado inategemea JNI. Hapo anayeandika kiolesura ndiye wa kuamua nani anafungua na nani anafunga, na aamue kabla simu ya kwanza haijaita.