Filamu za Maisha Halisi Darasani: Mfano wa Somo Kuhusu Ualbino

Filamu ya maisha halisi ni ile inayowaonyesha watu wa kweli, mahali pao pa kweli, wakieleza kwa vinywa vyao mambo yaliyowapata. Aghalabu huonyesha mtu aliyepambana na maradhi, umaskini au dharau ya jamii asishindwe. Mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha afya au maarifa ya jamii ataiona kuwa ni zana nzuri, nasi hatumkatazi. Hata hivyo zana hii ina hatari ambayo ramani na chati hazina: huwaliza watazamaji, na machozi yakadhaniwa kuwa ndiyo mafunzo. Katika mazoezi ya kufundisha tumewaona walimu wanafunzi wakizima mashine na kuuliza, "Tumejifunza nini?" Darasa zima huitikia, "Tusikate tamaa!" Mwalimu huridhika, akaandika katika andalio lake kwamba lengo limefikiwa. Lengo lipi?

Ili maelezo yetu yasielee hewani, tuchukue filamu moja. In the Shadow of the Sun iliongozwa na Mwingereza Harry Freeland, ikatolewa mwaka 2012 baada ya kupigwa hapa Tanzania kwa muda wa miaka kadhaa. Ni miaka ile ambayo watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina. Filamu inawafuata watu wawili. Wa kwanza ni Josephat Torner, mwenye ualbino, anayeiacha familia yake na kuzunguka vijijini kuzungumza na watu, hata katika maeneo ambako mauaji yametokea. Naye pia anajitosa kuukwea Mlima Kilimanjaro. Wa pili ni kijana wa kisiwa cha Ukerewe aliyelazimika kuacha shule kwa kuonewa, ambaye bado anatamani kumaliza masomo.

Sinema za kuelimisha si jambo geni nchini. Kati ya mwaka 1935 na 1937, enzi za Waingereza, palikuwa na kituo cha kutengenezea filamu za mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, na filamu hizo zilipelekwa kwa gari hata mahali ambapo watu hawakuwahi kuona sinema. Humo mwanakijiji alikuwa mtu wa kuelekezwa. Katika filamu tunayoizungumzia mambo yamegeuka: mwenye shida ndiye msemaji, nasi ndio wa kuelekezwa.

Sasa, watoto watavutwa na mlima. Hapana ajabu, kwani mlima hupendeza kutazama. Lakini mwalimu amwangalie zaidi yule kijana wa Ukerewe, kwa sababu habari yake ilianzia darasani. Tukiuliza, "Alionyesha ujasiri gani?", mzigo wote tumeuweka mabegani mwake, akifaulu tutampigia makofi, akishindwa tutasema hakujitahidi. Tukiuliza, "Ni nini kilichomzuia kusoma?", mzigo unarudi kwetu: wenzake waliomwonea, mwalimu, ubao na jua. Swali hili la pili ndilo linalostahili kuongoza somo zima.

Mwalimu hawezi kuliongoza swali hilo bila kujitayarisha. Ualbino ni hali ya kurithi, ambapo mwili hutengeneza kiasi kidogo mno cha rangi ya ngozi, nywele na macho, au hautengenezi kabisa. Wazazi wote wawili huwa wamebeba chembe yake bila wao wenyewe kuonyesha dalili yoyote, na kwa kila mimba uwezekano wa kupata mtoto mwenye ualbino ni mmoja kati ya nne. Jambo hili lielezwe waziwazi, maana akina mama wengi wameachwa na waume zao kwa tuhuma zisizo na msingi. Hauambukizi kwa kushikana mikono wala kwa kula sahani moja.

Lililo muhimu zaidi kwetu ni macho. Mtoto mwenye ualbino huwa na uoni hafifu. Macho yake huchezacheza bila kukusudia, na mwanga mkali humuumiza. Miwani huweza kumsaidia, ila aghalabu haimpi uoni kamili. Mwalimu asiyelijua hili humwona akiinamisha kichwa upande, akichelewa kunakili, akakosea tarakimu, naye humwita mvivu au mzito. Kumbe akili ya mtoto huyo ni timamu kama ya wenzake. Kilichomshinda ni chaki. Akae mbele, mbali na dirisha linaloingiza jua. Mwalimu aandike kwa herufi kubwa, na asome kwa sauti kila anachoandika. Mtihani wake uwe na maandishi makubwa, naye aongezewe muda.

Ngozi nayo huungua upesi, na saratani ya ngozi imewaua wengi wakiwa bado vijana. Mikono mirefu, kofia pana na kivuli ni kinga za kweli, na shule inayokataza kofia haina budi kumruhusu mtoto huyu. Mafuta ya kuzuia miale ya jua ni dawa, si urembo. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, ilianzishwa kazi ya kuyatengeneza kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Tukija kwenye filamu yenyewe, mwalimu aitazame yote peke yake kwanza. Ina mambo mazito ya mauaji ambayo hayafai kwa watoto wadogo; achague vipande vifupi viwili au vitatu, na asimamishe mashine kila baada ya kipande. Kipande cha dakika tano kilichojadiliwa vyema huzidi saa nzima ya kukaa kimya gizani.

Na je, ikiwa darasani yumo mtoto mwenye ualbino? Hapa hatupendi mzaha hata kidogo. Mwalimu azungumze naye na wazazi wake kabla ya siku ya somo, na mtoto akikataa, filamu isionyeshwe. Akikubali, asigeuzwe kielelezo cha kusimamishwa mbele ya wenzake. Neno "zeruzeru" lisitumike. Tunasema mtu mwenye ualbino. Watoto waelezwe pia habari za watu wazima wenye ualbino wanaofanya kazi zao kama wengine. Kwa mfano, Salum Khalfani Bar'wani alichaguliwa na wananchi kuwa mbunge wa Lindi Mjini mwaka 2010.

Mwisho wa somo wanafunzi wapewe kazi ya mikono na macho. Wagawanyike katika vikundi, wapime kwa hatua umbali kutoka kila dawati hadi ubaoni, waandike herufi za ukubwa mbalimbali, na kila mmoja aonyeshe zile asizoweza kuzisoma kutoka mahali pake. Wasishangae wakigundua wenzao wengine wasioona vizuri, ambao hawakuwahi kusema. Watafute kivuli kilipo uwanjani saa sita mchana, na wapendekeze saa ifaayo kwa michezo. Jedwali la vipimo hivyo mwalimu alipeleke kwa mwalimu mkuu pamoja na orodha ya mabadiliko yanayotakiwa. Katika andalio la somo, mahali pa tathmini, abandike nakala yake, na baada ya juma moja aandike chini yake ni madawati mangapi yaliyohamishwa.