Trilioni 1.7 Zilipita Wapi? Hesabu ya Mwaka 2009 Ikisomwa kutoka Mkwaja

Tarehe 10 Juni 2009, Rais Jakaya Kikwete alisimama Dodoma mbele ya wabunge na kutangaza mpango wa kuunusuru uchumi kutokana na msukosuko wa fedha duniani, wenye thamani ya shilingi trilioni 1.7. Kesho yake Waziri wa Fedha, Mustafa Mkulo, akasoma bajeti ya 2009/10 iliyokaribia trilioni 9.5. Yaani fedha za kunusuru zilikuwa karibu shilingi 18 kwa kila mia ya bajeti nzima.

Trilioni haishikiki mpaka igawanywe. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania wapatao milioni 44.9. Zile trilioni 1.7 zingegawiwa kwa kichwa, kila mmoja angepata kama shilingi 37,800, chini ya dola 30 kwa kiwango cha siku zile. Marekani, Oktoba 2008, Bunge lao liliidhinisha dola bilioni 700 za kuokoa mabenki, ambazo kwa kila raia ni kama dola 2,300. Wilaya ya Pangani mkoani Tanga, ambamo kijiji cha pwani cha Mkwaja kimo, ilikuwa na watu wapatao 54,000 kwa sensa hiyohiyo. Fungu lao kwa mgawo wa kichwa lingekuwa bilioni mbili na kidogo.

Fedha za aina hii hazigawiwi kwa kichwa, na hapo ndipo hesabu inapoanza kunoga. Serikali ilisema, na ilisema kweli, kwamba hakuna benki ya Tanzania iliyokuwa inaanguka kwa kishindo cha New York. Mabenki yetu hayakuwa yamenunua zile dhamana za nyumba za Wamarekani. Yalichokuwa nacho ni mikopo ya msimu. Mnunuzi wa pamba kule Kanda ya Ziwa hukopa benki, hununua kwa mkulima kwa bei ya msimu, kisha huuza nje. Mwaka 2008, kati ya kununua na kuuza, bei ya pamba duniani ilianguka kwa takriban theluthi. Mkulima alishalipwa, mzigo uko ghalani, deni liko palepale.

Mpango wa serikali ukatenga shilingi bilioni 21.9 kufidia hasara ya wanunuzi wa pamba na kahawa. Mikopo ya walioathirika ikaongezewa muda, serikali ikiweka dhamana. Fuatilia shilingi hiyo: inatoka Hazina, inapita kwa mfanyabiashara, inatua kwenye kitabu cha benki, na mkopo uliokuwa unaelekea kuitwa mbovu unaitwa mzuri tena. Huko Uingereza waliita kuokoa mabenki, wabunge wakatoleana macho. Kwetu iliitwa kunusuru mazao, na mjadala ukawa mpole kuliko ulivyostahili.

Sisemi ilikuwa kosa. Wanunuzi wale wangefilisika, msimu uliofuata mkulima angebaki na pamba yake nyumbani, na familia nyingi mno zinaishi kwa zao hilo. Ila linganisha na kitu kimoja. Miaka michache kabla, Rais huyohuyo alianzisha mikopo ya wajasiriamali wadogo ambayo mitaani iliitwa Mabilioni ya JK: bilioni moja kwa kila mkoa, mikoa 21 ya Bara. Jumla bilioni 21. Wajasiriamali wadogo wa nchi nzima, mkoa wote wa Tanga ukiwa na bilioni yake moja, walitengewa karibu kiasi kilekile walichotengewa wanunuzi wa mazao mawili. Tofauti ni kwamba wadogo walitakiwa kurudisha na wanunuzi walifidiwa.

Sasa njoo Mkwaja. Mvuvi wa hapa akihitaji nyavu au mashine ya boti, hakopi benki; anakopa kwa tajiri wa samaki, naye hulipwa kwa samaki kila chombo kinapotia nanga. Bei ya samaki ikishuka, au kusi likivuma wiki mbili, deni hilo halina Wizara ya kulisogeza mbele. Nazi na mwani vivyo hivyo. Njia ya fidia ilikuwa kitabu cha benki, na asiye kwenye kitabu hakuonekana.

Upande wa kodi ndiko wabunge walikoambiwa kila mtu angeguswa: kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 18. Chukua bati ambalo bila kodi ni shilingi 15,000. Kwa asilimia 20 linauzwa 18,000, kwa asilimia 18 linauzwa 17,700. Umeokoa mia tatu, kama mwenye duka ameamua kushusha. Samaki mbichi, mahindi na nazi za sokoni havikuwa na VAT tangu awali, na matumizi mengi ya nyumba ya Mkwaja yako humo. Kwa Hazina, kushusha kiwango hicho ni kupoteza shilingi moja katika kila kumi za VAT, isipokuwa manunuzi yaongezeke. Ili kuziba pengo Mkulo alipendekeza kufuta misamaha ya kodi, ikiwemo ya taasisi za dini. Viongozi wa dini wakaja juu, serikali ikarudi nyuma. Kelele za bajeti ile zilikuwa hapo hasa, siyo kwenye zile bilioni za fidia.

Na haikuwa mara ya kwanza mlipa kodi kubeba kitabu cha benki. Mwaka 1991 iliundwa taasisi ya serikali iitwayo LART kuchukua mikopo mibovu ya mabenki, mingi ikiwa ya mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) yenyewe ilivunjwa mwaka 1997, ikazaa NBC mpya na benki ya NMB. Hisa nyingi za NBC hiyo mpya ziliuzwa mwaka 2000.

Januari 2018 upepo uligeuka. Benki Kuu ilifunga benki tano ndogo kwa siku moja, zikiwemo Benki ya Wananchi Meru na ile ya Njombe. Safari hii hakuna aliyeokolewa. Bima ya amana ililipa mpaka shilingi milioni 1.5 kwa mwenye akaunti, inayotokana na michango ya mabenki yenyewe, na kilichozidi kilisubiri mali za benki ziuzwe. Aliyekuwa na milioni moja alilindwa yote. Chama cha ushirika kilichokuwa na milioni 60 kilihakikishiwa shilingi mbili na nusu kwa kila mia.