Fedha na Shaba Zajaribiwa Kuua Vijidudu Sugu

Ndugu mkulima, kama ng'ombe wako amepata kuugua ugonjwa wa kiwele, waijua hasara yake. Kiwele huvimba, maziwa hutoka na mabonge, na pengine chuchu moja hukauka kabisa. Siku hizi mara nyingine dawa hutiwa na ugonjwa usiondoke. Kwa nini?

Ukitia dawa siku moja kisha ukaacha kwa kuona nafuu, vijidudu dhaifu hufa, lakini vyenye nguvu husalia na kuzaana. Bwana Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo juu ya jambo hili mwaka 1945.

Kwa hiyo wataalamu wanajaribu silaha nyingine, yaani madini kama fedha na shaba. Kwamba fedha huua vijidudu si habari mpya. Tangu miaka ya 1960 dawa ya kupaka yenye fedha imetumiwa kwa watu walioungua moto. Jambo jipya ni kuyafanya madini haya kuwa chembe ndogo mno. Gawanya milimita moja mafungu milioni moja. Kila fungu ni nanomita moja. Chembe hizo zina upana wa nanomita 1 hadi 100. Kama vile kuni zilizopasuliwa zishikavyo moto upesi kuliko gogo, ndivyo chembe ndogo zifanyavyo kazi upesi kuliko kipande kizima. Huharibu ngozi ya kijidudu na vitu vilivyomo ndani. Kwa kuwa hupiga mahali pengi pamoja, si rahisi kijidudu kujikinga.

Si rahisi, lakini yawezekana. Mwaka 1975 ilitangazwa kwamba katika hospitali moja ya Boston, Marekani, vijidudu vilivyozoea fedha viliua wagonjwa 3 walioungua. Tena madini haya yakizidi hudhuru mwili, na mengi ya matumizi haya bado yamo katika majaribio. Basi usinunue dawa ya fedha iuzwayo ovyo ukamtia ng'ombe.

Fanya haya:

1. Osha kiwele kwa maji safi, ukikaushe. Mkamue ng'ombe mgonjwa mwisho.

2. Mwite daktari wa mifugo mapema, na umalize dawa kwa siku zote alizokuagiza.

3. Usiuze maziwa wala usiwape watoto mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.

Ukiyafuata haya, dawa tulizo nazo zitaendelea kutibu ng'ombe wako na watoto wako pia.