Zana za Trekta Dogo: Kutoka Theluji hadi Tope la Kilosa

Tunapozungumzia istilahi za ufundi, twazoea kufikiri kwamba kazi imekwisha pale neno la Kiswahili linapopatikana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingine hapo ndipo kazi inapoanza. Mfano tuliouchagua ni wa zana zinazofungwa kwenye trekta dogo kwa ajili ya kuondoa theluji. Msomaji wa Kilosa au wa Mikumi aweza kuuliza, tena kwa haki: theluji ya wapi? Jibu letu ni kwamba theluji haipo, lakini vitabu vya maelezo ya zana hizo vipo; na tope lipo.

Matrekta madogo mengi yanayouzwa duniani yamebuniwa kwa kuzifikiria pia nchi za baridi. Huko trekta lilelile linalolima wakati wa joto hutumika kusafisha njia majira ya baridi yafikapo. Kwa sababu hiyo vitabu vyake vya maelezo huwa na sura nzima juu ya zana za theluji. Mfasiri aliyepewa kitabu kama hicho hufanya mojawapo ya mambo mawili: ama huiruka sura hiyo kwa kuwa haituhusu, ama huifasiri neno kwa neno. Kwa maoni yetu njia zote mbili zina hasara. Zana zinazosukuma theluji ndizo, zikichaguliwa vema na kurekebishwa, zinazoweza kusukuma tope na mchanga baada ya mafuriko.

Haja yenyewe

Wilaya ya Kilosa yajua mafuriko. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, maelfu ya watu wakapoteza makao, na reli ya kati ikakatika baina ya Kilosa na Gulwe. Maji yalipopungua yaliacha mchanga na tope majumbani, viwanjani na mitaroni. Reli na barabara kuu hushughulikiwa kwa mitambo mikubwa, yaani matingatinga na magreda. Lakini ua wa shule, njia ya zahanati na mtaro wa kijiji ni mahali ambapo mtambo mkubwa ama haupiti ama haufiki kwa wakati. Hapo ndipo trekta dogo lenye nguvu za farasi 20 hadi 50 linapofaa.

Mikumi nako kuna haja ya namna nyingine. Katika uwanda wa Mkata, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, upo udongo mweusi wa mfinyanzi ambao huvimba unapolowa na kupasuka unapokauka. Njia zinazopita juu yake huharibika kila masika. Kwa hiyo tunazo kazi mbili: kuondoa mashapo Kilosa, na kutengeneza njia za udongo mweusi Mikumi. Tutaona kwamba kazi hizi mbili zahitaji zana mbili tofauti, na kwa hiyo maneno mawili tofauti.

Theluji si tope

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Aliandika kwamba kiongozi wake wa safari hakuwa na jina jingine la kitu kile ila "baridi". Hatuna sababu ya kumcheka kiongozi yule. Aliita kitu kwa sifa aliyoihisi yeye. Mfasiri wa leo naye hana budi kujiuliza ni sifa ipi ya theluji iliyomwongoza mbunifu wa zana, na kama sifa hiyo imo katika tope.

Sifa ya kwanza ni uzito. Theluji mpya iliyoanguka bila upepo huwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 hivi kwa mita moja ya ujazo, na theluji iliyolowa hufikia kilo 300 hadi 500. Tope lililolowa huwa kilo 1,600 hadi 2,000. Tuchukue mfano wa kijiko cha mbele chenye ujazo wa mita 0.2. Kikijaa theluji mpya yenye kilo 100 kwa mita ya ujazo hubeba kilo 20. Kikijaa theluji nzito ya kilo 400 hubeba kilo 80. Kikijaa tope la kilo 1,800 hubeba kilo 360. Mikono ya mbele ya matrekta madogo mengi huweza kuinua kilo 300 hadi 500 tu. Tena, kama kipimo hicho kimechukuliwa kwenye pini, uzito wa kijiko chenyewe hauna budi kutolewa humo. Basi maneno "jaza kijiko", ambayo ni shauri jema katika sura ya theluji, huwa shauri la hatari yakifasiriwa hivyohivyo kwa msomaji wa Kilosa. Trekta laweza kuinuka magurudumu ya nyuma na kupinduka. Neno limefasiriwa sawasawa, na mtu ameumia.

Sifa ya pili ni kunata. Theluji kavu huteleza juu ya chuma na yaweza kurushwa mbali. Tope hunata. Kwa hiyo mashine inayomeza theluji kwa parafujo kubwa na kuirusha kando kwa feni haifai kabisa kwa tope. Itaziba mara moja. Mfasiri aifasiri sura yake kwa ajili ya maarifa, lakini aongeze tanbihi kwamba zana hiyo haina kazi kwetu.

Maneno yenye mtego

Mtego mkubwa kupita yote umo katika jina la zana kuu ya theluji. Kwa Kiingereza zana hiyo huitwa kwa neno lilelile liitalo jembe la kulimia la trekta. Mfasiri asiyeiona picha huandika "plau ya theluji", au hulitupa neno "theluji" na kubakiza "plau". Tutazame matokeo. Tuseme ofisa wa halmashauri anaandika hati ya ununuzi kwa kufuata tafsiri hiyo. Mzabuni ataleta plau ya sahani tatu, na hatakuwa na kosa, kwani ndiyo iliyoandikwa. Mvua zitafika, mtaro utaziba, na zana iliyopo itakuwa ya kupindua udongo shambani. Kulima ni kuingia ndani ya udongo. Zana tunayoitaka hupita juu ya ardhi na kukisukuma kilicho juu yake. Twapendekeza iitwe bapa la kusukumia. Bapa ni kitu kipana kisicho na unene mkubwa, na kitenzi kimeongezwa ili kazi yake isikosewe.

Mtego wa pili ni mashine ya kurusha tuliyoitaja. Jina lake la Kiingereza lina maana ya kupuliza, nasi tumeona tafsiri ya "kipulizo". Lakini mashine hiyo haipulizi. Huikamata theluji na kuitupa. Kirushio ni jina la kweli zaidi.

Mtego wa tatu umetoka kwetu wenyewe. Neno kijiko limekwisha kukubalika kwa watu, na hatuoni sababu ya kuliondoa. Ila mitaani "kijiko" huwa ni mtambo mzima wa kuchimba na kupakia, na katika vitabu ni sehemu moja tu inayofungwa mbele ya trekta. Katika hati za serikali iandikwe kijiko cha mbele, na upande wa pili uandikwe mtambo wa kuchimba, ili anayetaka sehemu asiuziwe mtambo.

Lipo pia neno ambalo wafasiri wengi hulihangaikia bure. Trekta lenye mzigo mbele huhitaji uzito nyuma ili lisiinuke. Wengine wameandika "uzito wa kusawazisha wa nyuma". Mabaharia wa pwani yetu wanalo jina la uzito uwekwao chini ya chombo kisipinduke: farumi. Maana ni ileile na kazi ni ileile. Hapana haja ya kuunda neno jipya pale ambapo la zamani lingali hai.

Kuchagua na kurekebisha

Kabla ya kuchagua zana, hati haina budi kutaja namna zana inavyoungwa. Matrekta mengi hufuata mfumo wa mikono mitatu ya nyuma uliobuniwa na Harry Ferguson na kuenea sana kuanzia miaka ya 1930. Mfumo huo una daraja za vipimo. Katika daraja la kwanza, ambalo ndilo la matrekta madogo mengi, pini za mikono ya chini zina kipenyo cha milimita 22 na pini ya juu milimita 19. Katika daraja la pili ni milimita 28 na 25 hivi. Mfasiri anayeandika "pini ya kawaida" badala ya kuandika daraja amemnyima fundi habari anayoihitaji kuliko zote. Vivyo hivyo shafti ya kutolea nguvu: kasi iliyo ya kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika, na tarakimu hiyo isiachwe.

Kwa Kilosa, penye mchanga na mashapo, twaona kijiko cha mbele chafaa kwa kupakia, na bapa la nyuma kwa kukokota. Bapa la theluji huwa pana kwa sababu theluji ni nyepesi. Kwa tope lichaguliwe jembamba zaidi, ila lisipungue upana wa magurudumu. Ikumbukwe kwamba bapa likigeuzwa upande kwa nyuzi 30, upana linaosafisha hupungua: bapa la sentimita 150 husafisha sentimita 130 tu. Ukingo wa mpira, unaofaa kwenye lami yenye theluji, uondolewe na kufungwa ukingo wa chuma kigumu. Viatu vya bapa, yaani vile vipande vya chini vinavyolizuia lisizame, viongezwe upana, maana ardhi yetu iliyolowa ni laini, hali ile ya nchi za baridi mara nyingi imeganda. Springi ya kukunjia, inayoliacha bapa lilale linapogonga jiwe, isifungwe kwa waya kama wafanyavyo baadhi ya madereva. Tope huficha visiki kuliko theluji.

Kwa Mikumi kazi si kuondoa bali ni kuumba. Udongo mweusi uliolowa haushughulikiki. Hunata kwenye bapa na magurudumu. Hungojewa ukauke kiasi, kisha bapa la nyuma hupitishwa likiwa limegeuzwa, ili kuijengea njia mgongo na kufungua mitaro ya kando. Katika matrekta mengi fimbo moja ya kunyanyulia yaweza kufupishwa, na bapa likainama upande mmoja; hivyo pembe yake huchonga mtaro. Minyororo ya magurudumu, iliyobuniwa kwa theluji, hufaa pia kwenye utelezi huu, ingawa huharibu njia iliyokwisha kutengenezwa.

Maneno tunayoyapendekeza

Bapa la kusukumia: ubao wa chuma uliopinda, ufungwao mbele au nyuma ya trekta kwa kusukuma au kukokota kitu kilicho juu ya ardhi.

Farumi: uzito uwekwao upande wa pili wa mzigo ili trekta lisiinuke.

Kijiko cha mbele: chombo cha kuchotea na kupakia kifungwacho kwenye mikono ya mbele.

Kirushio: mashine imezayo theluji na kuirusha kando.

Shafti ya kutolea nguvu: shafti inayopeleka mzunguko wa injini kwenye zana.

Springi ya kukunjia: springi inayoliruhusu bapa kulala linapogonga kizuizi.

Viatu vya bapa: vipande vya chuma vinavyoliweka bapa kwenye kimo kilichokusudiwa.

Hatusemi kwamba maneno haya ndiyo ya mwisho. Huenda mafundi wa Mikumi na madereva wa Kimamba wanayo mengine yaliyo bora, nasi tungefurahi kuyapokea. Tunalosisitiza ni jambo moja. Mwenye kufasiri zana ya nchi nyingine asiulize tu inaitwaje. Aulize pia itasukuma nini huku kwetu, na kina uzito gani.