Upana wa Chumba Uliamuliwa na Mti

Wajukuu zangu, leo sungura na fisi wapumzike. Nitawapa hadithi ya mawe.

Najua mtaniuliza: babu, ikiwa simu huchora nyumba kwa kufumba na kufumbua, ya nini kuhangaika na patasi? Twendeni Kilwa Kisiwani tukalitafute jibu.

Kule, zaidi ya miaka 700 iliyopita, fundi aliyetaka kuchonga mihrabu alichukua tumbawe hai baharini. Likitoka majini huwa laini, patasi hupita. Likikauka, huwa gumu. Basi nakshi ilibidi iwe kichwani mwa fundi mapema, maana jiwe halikumsubiri abadili nia. (Leo tumbawe hai tuliache, ni nyumba ya samaki.) Kuta zenyewe zilijengwa kwa mawe magumu ya mwamba wa pwani, yakashikizwa kwa chokaa.

Na hiyo chokaa! Magogo yalipangwa rundo kubwa, matumbawe yakawekwa juu, moto ukawashwa. Yaliyoungua yalilainishwa kwa maji yakawa unga mweupe, kisha chokaa ikaachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumiwa. Mwenye pupa hakuiweza kazi hii.

Dari nayo ilikuwa na sheria yake. Ililala juu ya boriti za mikoko, na boriti ya kutegemewa haizidi sana mita 3. Chumba kingeweza kurefuka utakavyo, lakini upana wake uliamuliwa na mti. Boriti za Rufiji zilipakiwa majahazini hadi Ghuba, na ndiyo maana hata nyumba za kale za Kuwait na Bahrain zina vyumba vyembamba. Fikirini, mkoko wa kwetu kupima sebule ya mtu wa Bahrain! Simu itakuchorea sebule ya mita 10 juu ya boriti hizohizo bila kusita, kwa sababu haijawahi kubeba hata moja begani.

Mafundi wa Kilwa walitaka nafasi zaidi. Katika karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, Msikiti Mkuu ulipanuliwa kwa kuba na matao ya mawe na chokaa, yasiyohitaji boriti. Sehemu ile ikaja kuanguka, ikajengwa upya karne ya 15. Mimi naipenda habari hiyo ya kuanguka kuliko ya kusimama: walithubutu, jiwe likawajibu, wakarudia. Jirani yake, katika Msikiti Mdogo wa Kuba, walipachika darini bakuli za kung'aa zilizotoka ng'ambo.

Msidhani nazichukia mashine. Wataalamu wa Zamani Project wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliyapima magofu ya Kilwa kwa leza, na vipimo vyao ni hazina. Ila leza haizibi ufa. UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaorodhesha kuwa hatarini mwaka 2004, ikayatoa katika orodha hiyo mwaka 2014. Katikati ya miaka hiyo watu walishika mwiko na chokaa. Kwa nini si saruji, iliyo tayari mfukoni? Kwa sababu saruji ni ngumu kupita ukuta wa kale na hunasa unyevu ndani, chumvi ikalitafuna jiwe taratibu. Chokaa huuacha ukuta upumue.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: choreni kwa simu mpendavyo, lakini kwanza shikeni jiwe, mti na chokaa mkononi mjue vinakubali nini. Mkivuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, msichore majina yenu ukutani. Na ikiwa kwenu yupo mzee aliyewahi kuchoma chokaa, mwendeeni wiki hii mkamwulize alivyofanya.